Doa la manjano kwenye kanzu: asidi, besi na chumvi bila kukariri

Ijumaa moja mpwa wangu alirudi kutoka msikitini akapakuliwa wali na mchuzi wa samaki, na kama kawaida ya vijana hakuvua kanzu, akala nayo. Tone moja la mchuzi likamdondokea kifuani. Doa dogo tu la manjano, saizi ya shilingi kumi. Kwa kumuogopa mamake akaingia bafuni kimyakimya akachukua sabuni ya kufulia akasugua, na hapo ndo balaa lilipoanza manake lile doa badala ya kufifia likageuka jekundu, jekundu kabisa kama damu. Nkasikia tu "mjomba! mjomba njoo!" nilipofika kashika kanzu mikono inamtetemeka, anadhani ameiunguza.

Nkamwambia tulia, lete ndimu. Tukakamua matone mawili juu ya ule wekundu na palepale, anaona kwa macho yake, doa likarudi manjano. Akaniangalia kama mganga. Tukapaka sabuni tena, jekundu. Ndimu tena, manjano. Tulienda hivyo kama mara 5 mpaka mamake akaja kuuliza ndimu zake zinaishia wapi. Na uzuri ni kwamba kijana yuko gredi ya saba, Jumatatu alikuwa na mtihani wa sayansi, na kwenye daftari lake kaandika kwa kalamu nyekundu "indiketa ni kitu kinachobadilisha rangi kikikutana na asidi au besi". Amekariri neno kwa neno. Hakujua kwamba amevaa indiketa kifuani.

Ile rangi ya bizari ya manjano iliyotiwa kwenye mchuzi inaitwa kakyumini, na iko hivyo, kwenye vitu vichachu na kwenye maji ya kawaida inabaki manjano, ikikutana na vitu vya jamii ya sabuni inakuwa nyekundu. Karatasi ya litmasi ya shuleni ni kitu hichohicho, tofauti rangi yake inatoka kwenye zile kuvu kavukavu zinazoota juu ya mawe na magome ya miti, nayo ni nyekundu kwenye asidi na bluu kwenye besi. Manjano ina kasoro moja, haiwezi kutofautisha ndimu na maji, zote kwake ni sawa. Ukitaka kitu bora kuliko vyote viwili nenda sokoni Marikiti au Kongowea utafute ile kabeji ya zambarau, ikate uichemshe, yale maji yake ukitia ndimu yanakuwa mekundu ya waridi, ukitia magadi yanakuwa ya kijani kibuluu. Watoto hawalali siku hio.

Sasa nije kwenye kinachowachanganya hawa watoto, manake nimewafundisha wengi wa mtaani na naona ni kilekile. Hesabu wanaiweza. Kinachowaangusha ni maneno. Mtoto wa Mombasa akisikia "asidi" anaona ile ya betri inayotoboa suruali ya fundi. Akisikia "besi" anaona matatu ya Bamburi imefungua muziki mpaka vioo vinatetemeka. Na akisikia "chumvi" anaona kile kikopo kando ya jiko. Kwa hivyo anaingia darasani na picha tatu kichwani na zote tatu zinampoteza, alafu mwalimu anaanza kuandika fomula ubaoni.

Asidi kwanza. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini na maana yake ni chachu, basi. Ukwaju una asidi yake, ndimu yake, siki yake, maziwa lala yake, embe bichi unayolichovya kwenye pilipili na chumvi pia lina yake. Tumeshakunywa asidi tangu utotoni na tumenenepa. Besi nazo ziko upande wa pili, zina uchungu ukizionja (na usizionje) na zinateleza ukizishika. Sabuni, magadi, majivu, chokaa. Besi inayoyeyuka majini huitwa pia alkali, na neno hilo limetoka Kiarabu, al-qali, yani majivu ya mimea. Kule Magharibi mwa Kenya mpaka leo watu wanachuja majivu ya maganda ya maharagwe wapate maji ya kupikia mboga, hio ni alkali safi kabisa na hakuna aliyewafundisha kemia.

Lakini kwa nini? Kuna nini ndani ya ndimu kinachofanya hayo yote? Hapa aliyefungua mlango ni kijana wa Sweden aitwaye Svante Arrhenius, mwaka 1884 alipeleka kazi yake ya chuo na walimu wakampa alama za kusukuma tu, nusura wamuangushe. Mwaka 1903 haohao wazungu wakampa tuzo ya Nobel kwa mambo hayohayo. Alichosema ni kwamba asidi ikiingia kwenye maji inaachilia ioni (yani chembe ndogo yenye chaji ya umeme) ya haidrojeni, wanaiandika H+, na besi inaachilia ioni ya haidroksaidi, OH-. Mwaka 1923 wakaja wengine wawili, Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mtu kivyake, wakairahisisha: asidi ni anayetoa H+, besi ni anayeipokea. Ukishika hilo moja umeshika karibu kila kitu, mengine yote ni matawi.

Mpwa wangu nilimueleza kwa tuktuk. Chukulia H+ ni abiria na asidi ni tuktuk iliyombeba, na maji ndo steji. Asidi ya haidrokloriki, ile iliyoko tumboni mwako, ni tuktuk ambayo ikifika steji abiria anashuka, zote, hakuna hata moja inayobaki na mtu. Hio ndo wanaita asidi yenye nguvu. Siki nayo ni tuktuk za ajabu, zimefika steji elfu nzima lakini zilizoshusha hazifiki hata 10, zilizobaki abiria wamekaa ndani wanaangalia simu. Hio ni asidi dhaifu. Na yule aliyeshuka hakai peke yake hata kidogo, papo hapo anadandia molekuli ya maji iliyo karibu. Besi sasa ni mtu anayesimama hapo steji kuwachukua waliofika, akimpata tu anaondoka naye.

Kuna jambo hapa wengi wanalikosa hata kidato cha nne. Dhaifu haimaanishi kidogo. Ukiwachukua wale wachache walioshuka kwenye siki, wengine wanaanza kushuka, ukiwachukua hao wanashuka wengine, mpaka tuktuk zote ziwe tupu. Ndo maana siki ijapokuwa dhaifu inaweza kumaliza magadi mengi tu ukiwa na siki ya kutosha. Nguvu ni jambo la abiria kushuka au kutoshuka, na ukolezi ni jambo la tuktuk ni ngapi kwenye steji. Unaweza kuwa na asidi yenye nguvu iliyotiwa maji mengi mpaka imekuwa nyepesi, na unaweza kuwa na asidi dhaifu iliyokolea mpaka inachoma. Siki ya dukani ni kama asilimia 5 tu ya asidi, iliyobaki ni maji. Asidi yenyewe ya siki isiyotiwa maji inababua ngozi.

Hesabu ya hao abiria ndo pH. Aliyeibuni ni Søren Sørensen mwaka 1909, alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha pombe cha Carlsberg huko Copenhagen, kwa hivyo astaghfirullah tunaitumia tu. Inahesabu kutoka 0 mpaka 14 hivi, katikati 7 ni maji safi, chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi. Ndimu iko kama 2, nyanya kama 4, maziwa 6 na nusu hivi, bahari yetu kama 8, sabuni 9 mpaka 10, magadi 11, na kostiki soda (sodiamu haidroksaidi, ile ya kutengenezea sabuni) inagonga 14.

Mitego ni miwili. Wa kwanza, iko kinyumenyume, nambari ikiwa ndogo asidi ni kubwa. Wa pili ndo mbaya zaidi, kila hatua moja ni mara 10. Ndimu ya 2 na nyanya ya 4, mtoto atakwambia ndimu ni kali mara mbili. Hapana, ni mara 100. Hata yale maji safi ya 7 si kwamba hayana H+ kabisa, yanayo, kama molekuli moja katika milioni 550 imejivunja, na kwa kila H+ moja kuna OH- moja kwa hivyo wanatoshana, hakuna anayemshinda mwenzake.

Ukiielewa hio ya mara 10 utaelewa pia kwa nini watu wa bahari wanapiga kelele. Maji ya bahari duniani yalikuwa kama 8.2 kabla ya viwanda, sasa ni kama 8.1. Ukisikia 0.1 unacheka. Lakini kwa hesabu hii H+ imeongezeka kwa zaidi ya robo, kisa ni hewa ya kaboni dioksaidi inayoyeyuka kwenye maji ikawa asidi dhaifu, na matumbawe yanapata shida kujenga mifupa yake.

Haya, chumvi. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndo penye utamu.

Asidi ikikutana na besi zinazimana. H+ inamkumba OH-, wanakuwa maji. Lakini kila mmoja alikuja na mwenzake, H+ aliacha nyuma mtu na OH- aliacha nyuma mtu, na hao wawili walioachwa ndo wanaungana kuwa chumvi. Asidi ya haidrokloriki ikikutana na kostiki soda, vitu viwili ambavyo kimoja kimoja vinaweza kukutoa macho, unapata maji na chumvi ya kutia kwenye mchuzi. Ileile inayovunwa kule Gongoni kwenye mabwawa ya maji ya bahari, ile nyanya yangu alikuwa akiiita munyu. Hilo lilinishangaza nikiwa mdogo na linanishangaza mpaka leo.

Kwa hivyo kwenye kemia chumvi ni ukoo mzima, na ya jikoni ni mmoja tu wa watoto. Jina linafuata asidi iliyozaa: haidrokloriki inazaa kloridi, salfuriki inazaa salfeti, naitriki inazaa naitreti, na ile asidi ya kaboni dioksaidi inazaa kaboneti. Plasta anayofungwa aliyevunjika mguu ni chumvi. Mbolea nyingi ni chumvi. Ule ukoko mweupe uliogandia ndani ya birika lenu kwa ajili ya maji ya kisima, nao ni chumvi, kalsiamu kaboneti, na ndo maana ukitia ndimu ndani ya birika ukaacha kidogo unasikia linachachatika, asidi inaila kaboneti na kutoa hewa.

Na sasa shika hapo. Ile kalsiamu kaboneti ya birikani ndio hiohio jiwe la matumbawe. Wazee wa hapa walikuwa wanalichukua lile jiwe wanalipanga juu ya magogo wanalichoma, likifika kama digrii 900 linatoa kaboni dioksaidi na kubaki jepesi, jeupe, na lina hasira. Ulimwagie maji linachemka lenyewe bila moto, linatoa mvuke, alafu linalainika kuwa chokaa. Hapo sasa ni besi, kalsiamu haidroksaidi, shika kwa mkono mtupu uone vile ngozi inavyokauka na kupasuka. Unaipaka ukutani, na kwa siku na miezi inavuta kaboni dioksaidi kutoka hewani, na hio hewa kwenye unyevu ni asidi. Asidi na besi, unapata nini? Maji yanayokauka zake, na chumvi. Kalsiamu kaboneti tena, imerudi kuwa jiwe. Nyumba za Mji wa Kale zimesimama hivyo, Fort Jesus iliyojengwa kuanzia 1593 imesimama hivyo, jiwe la matumbawe limeshikanishwa na chokaa iliyorudi kuwa jiwe. Nilimpeleka mpwa wangu mpaka kule nkamwambia gusa ukuta, hii ni chumvi. Akaulamba! Wallahi akaulamba, mlinzi akatutazama vibaya. Haikuwa na ladha yoyote bila shaka manake hii haiyeyuki kwa urahisi, na ulimi unaonja kile kilichoyeyuka. (Ukitaka kujaribu ndimu, okota kipande cha jiwe ufuoni, usiende kukamulia ndimu urathi wa dunia.)

Kosa lingine la mtihani ni kudhani kila chumvi haina upande kwa sababu imezaliwa na asidi na besi zilizozimana. Ya jikoni ndio, iko 7, wazazi wote walikuwa na nguvu sawa. Lakini magadi ni chumvi na ni alkali kali. Mzazi mmoja ni kostiki soda mwenye nguvu, mzazi wa pili ni asidi ya kaboni dioksaidi, mnyonge, kwa hivyo mtoto kamfuata yule mwenye nguvu. Kinyume chake pia kipo, amonia ni besi nyonge, ikizaa chumvi na asidi yenye nguvu mtoto anaelemea upande wa asidi. Mbolea za amonia zikitiwa sana shambani udongo unakuwa na asidi, hasa bakteria wa udongo wanapoigeuza hio amonia, na mkulima analazimika kumwaga chokaa kuurudisha.

Hayo magadi yanatoka Ziwa Magadi huko Kajiado, kampuni ya kuyachimba ilianzishwa 1911, na mpaka leo yanateremshwa hapa bandarini kwetu yapelekwe nje kutengenezea vioo na sabuni. Jikoni kazi yake mnaijua. Ukitia kwenye maharagwe au mbaazi zinaiva upesi kwa sababu alkali inalegeza ile gundi inayoshikilia chembe za mmea, ukitia kwenye kisamvu kinabaki kijani kibichi kinapendeza. Ila yanaua vitamini, hasa B1 na C, kwa hivyo mama anayetia kijiko kizima ili aokoe gesi kuna kitu anapoteza upande mwingine.

Kiungulia ni somo hilohilo. Asidi ya tumbo imepanda juu kooni inachoma, unakunywa soda ya kuokea kwenye maji, besi inazima asidi, unapata chumvi na maji na kaboni dioksaidi, ile hewa ndo ile mbweu inayokutoka mpaka unasema alhamdulillah. Hapa niseme neno juu ya hawa wanaouza "maji ya alkali" kwa bei ya juu wakidai yanabadilisha pH ya damu. Tumbo lako lenyewe liko kati ya 1.5 na 3, hayo maji yakifika pale yamekwisha habari yake. Na damu inakaa 7.35 mpaka 7.45, mapafu na figo ndo zinazoilinda usiku na mchana, ingekuwa chupa ya maji inaweza kuisogeza basi glasi moja ya juisi ya ukwaju ingetuua sote Ramadhani.

Hatari ziko, na hatari iko pande zote mbili. Watu wanaogopa asidi na kuidharau besi, wakati kostiki soda ikiingia jichoni inaweza kuwa mbaya kuliko asidi nyingi, manake inayageuza mafuta ya mwili kuwa sabuni na kuzidi kuzama ndani. Ule utelezi unaousikia ukishika kitu kikali cha alkali ni ngozi yako inageuka sabuni. Ikikumwagikia yoyote kati ya hizo, maji mengi ya bomba, dakika 20 na zaidi, na usijaribu kumwagia nyingine juu yake ati zizimane, kuzimana kwenyewe kunatoa joto utaungua mara mbili. Na ukichanganya asidi na maji, asidi ndo inaingia kwenye maji polepole, usimwage maji ndani ya asidi, inaruka.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea nikiwa nimepanga chumba kimoja na choo chake. Choo kimeshika madoa, nkatia dawa ya choo yenye asidi, nikaona haitoshi nikamwaga na dawa ya klorini ya kutakasia nguo nyeupe juu yake. Sekunde chache tu nikasikia kifua kinabana, macho yanatoka machozi, nikatoka mbio na kikoi tu kiunoni majirani wote wananiangalia. Ilikuwa ni gesi ya klorini, ileile waliyorushiana askari mwaka 1915 kwenye vita vya kwanza vya dunia, na mimi nimejitengenezea chooni. Asidi ilipokutana na ile dawa ndo ikaifukuza klorini itoke. Dawa moja kwa wakati mmoja, suuza, ndo utie nyingine.

Kijana alipata mtihani vizuri, lakini swali lake la mwisho usiku ule lilikuwa zuri kuliko yote ya mtihani. Akauliza, mjomba, ndimu imelirudisha doa manjano, mbona halijatoka? Nkamwambia kwa sababu ndimu na sabuni zinachezea H+ tu, zinaitoa na kuirudisha, kakyumini yenyewe bado imekaa palepale kwenye uzi. Ndimu haisafishi doa hilo, inalibadilisha nguo tu. Kinachoivunja hasa ile rangi ni mwanga. Asubuhi tukaifua kwa sabuni, likawa jekundu tena mamake akapiga kelele, tukaisuuza mpaka likarudi manjano, tukaianika kwenye kamba juu ya dari upande wa jua kali. Kufikia alasiri ilibidi ulitafute lile doa kwa kidole.